Kufunga taa ya nje bila kufuta nyota

Huku Bwiru, Mwanza, nyumba zimepanda mlima juu ya mawe. Taa moja iliyofungwa vibaya juu inamulika vyumba vya walio chini, na mwanga unaobaki unamwagika ziwani na angani. Mimi ni fundi umeme, na nilishafunga nyingi za namna hiyo. Sasa ninazirekebisha hivi.

1. Pima kwanza. Usiku usio na mbalamwezi zima taa za nje, weka simu mfukoni, kaa dakika 20 macho yazoee giza. Mwezi wa Januari, saa tatu usiku, Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, kipo juu upande wa kaskazini. Hesabu nyota zake. Penye giza zuri utapata sita au saba. Washa taa, hesabu tena, andika.

2. Geuza taa. Kazi yenyewe ipo hapa. Zima breka, panda ngazi, legeza nati, ilaze mpaka kioo kitazame chini kabisa. Shuka, nenda getini, kisha kwa jirani. Ukiiona balbu yenyewe, bado. Wateja hutaka taa iinuliwe "imulike mpaka barabarani" kwa kuogopa wezi. Mwizi anasimama nyuma ya mng'ao huo huo, anakuona wewe humwoni. Taa ikigoma kulala, ikatie kofia ya bati, ila usizibe zile mbavu za alumini za nyuma. Joto likikosa pa kutokea, taa inaungua.

3. Badili balbu. Soma boksi, namba ya rangi ya mwanga: 3000K au chini, ile ya njano. Ya 6500K ni nyeupe yenye ubuluu, na buluu ndiyo inayotawanyika zaidi hewani. Ndiyo maana anga la mchana ni la buluu. Mlangoni LED ya wati 5 inatosha. Na wadudu wa ziwani watapungua. Kuna mteja tuliwazoa kwa koleo asubuhi.

4. Weka sensa ya kuhisi mtu anayepita, iwe inazima taa yenyewe baada ya dakika moja.

5. Rudi kwa Kilimia. Taa za wavuvi wa dagaa kule majini usizilaumu: wenzetu wako kazini, na mwezi ukikua wanapumzika. Hesabu isipopanda, tafuta taa inayofuata. Mara nyingi ni ya jirani. Mpelekee ngazi, umlazie bure.