Jinsi ya Kuchagua, Kuweka na Kupima Vali ya Dharura ya Gesi na Mafuta

Bomba la gesi lilipopasuka San Bruno, California, mwezi Septemba 2010, ilichukua dakika 95 kuizuia gesi, kwa kuwa vali za karibu zilikuwa za kufungwa kwa mkono na mafundi walilazimika kuzifuata ziliko. Watu wanane walifariki. Kwa hiyo msimamizi wa kiwanda, bohari la mafuta au chumba cha boila aanze kwa kujiuliza ni nani atakayelifunga bomba iwapo moto utazuka na umeme ukatike papo hapo.

Chagua vali ambayo hushikiliwa wazi na hewa ya kompresa au umeme, huku springi ikiisukuma ijifunge, ili hewa ikivuja au waya ukiungua, mtiririko ukatike wenyewe. Vali inayohitaji umeme ndipo ifunge haifai kutegemewa peke yake, kwani huenda waya wake ukawa wa kwanza kuungua.

Iweke nje ya jengo, kabla bomba halijaingia ndani, na uiunganishe na vitambuzi vya gesi na vya moto pamoja na vitufe vya dharura kwenye njia za kutokea. Kitambuzi cha gesi ya mitungi kikae karibu na sakafu kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Cha gesi asilia kikae juu, karibu na dari.

Katika vituo vya mafuta, chini ya kila pampu ya kujazia huwekwa vali yenye shingo iliyodhoofishwa makusudi: gari likiigonga pampu, shingo huvunjika na vali hujifunga. Ni lazima vali hiyo ikazwe imara kwenye fremu iliyo ndani ya zege, la sivyo bomba litavunjika chini yake na kinga yote itapotea. Wakaguzi waliangalie hilo kabla ya jambo lingine.

Kuhusu kasi, vali ya gesi inaweza kufunga upesi, lakini mafuta yanayokwenda kwa kasi katika bomba refu yakizuiwa ghafla huleta wimbi la shinikizo linaloweza kupasua maungio, hivyo muda wa kufunga ukokotolewe na mhandisi.

Vali iliyokaa wazi muda mrefu huweza kukwama. Isogezwe kidogo mara kwa mara bila kusimamisha kazi, kisha ifungwe kabisa wakati wa matengenezo, na sekunde ilizotumia ziandikwe. Zikiongezeka kila kipimo, springi imechoka au uchafu umeingia.

Ikishajifunga, isijifungue yenyewe kamwe. Fundi afunge kwanza vichomeo vyote, atafute chanzo, apitishe hewa chumbani, ahakikishe hakuna uvujaji, ndipo aifungue polepole kwa mkono wake.