Kufunga kihisi cha pedali kwenye baiskeli uliyoigeuza kuwa ya umeme: mwongozo kwa tulioko Uingereza

Wenzetu wengi wanaofanya kazi za zamu au za kusambaza vyakula hapa Uingereza hununua seti ya mota, betri na kontrola (kisanduku kinachoiongoza mota), wakaifunga kwenye baiskeli ya kawaida, kisha wakaiendesha kwa eksileta ya mkononi peke yake kama pikipiki. Ndani ya boksi hubaki kipakiti kidogo chenye diski ya plastiki iliyopangwa sumaku pamoja na kipande cheusi chenye waya, na hakifungwi kwa sababu kazi yake inadai kuchomoa kranki, yaani mkono unaoshika pedali. Hicho ndicho kihisi cha pedali, ambacho mafundi hukiita sensa. Nawasihi msikiache kwenye boksi, kwa kuwa bila hicho, chombo chenu mbele ya sheria si baiskeli tena.

Sheria ya hapa huitambua baiskeli ya umeme kuwa baiskeli ikiwa nguvu endelevu ya mota haizidi wati 250, ikiwa msaada wa mota unakatika mwendo unapofika maili 15.5 kwa saa, yaani kilomita 25, na ikiwa pedali zake zinatumika kuiendesha. Ikitimiza hayo, mtu mwenye miaka 14 na kuendelea anaiendesha bila leseni, bila usajili na bila bima. Eksileta inayoipeleka zaidi ya kilomita 6 kwa saa bila kupiga pedali huhitaji idhini ya chombo ambayo baiskeli iliyogeuzwa nyumbani kwa kawaida haina. Polisi wanaweza kuikamata baiskeli ya namna hiyo papo hapo, na kosa la kuendesha chombo cha moto bila bima huleta faini ya pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni ya gari, jambo zito kwa mtu ambaye leseni hiyo ndiyo riziki yake. Hata hivyo, kihisi hakiihalalishi mota ya wati 1,000. Kama mota ni kubwa, tatizo liko kwenye mota. Nchi za Umoja wa Ulaya zina vipimo hivyo hivyo vya wati 250 na kilomita 25, ilhali Marekani sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo.

Kihisi cha kawaida hufanya kazi kwa njia nyepesi. Diski huzunguka pamoja na ekseli ya pedali, na kila sumaku inapopita mbele ya kipande kile cheusi, ishara ya umeme hutumwa kwa kontrola, nayo huiamuru mota isaidie. Idadi ya sumaku ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Diski ya sumaku 5 hutoa ishara kila nyuzi 72 za mzunguko, ya sumaku 12 kila nyuzi 30, na kwa kuwa kontrola husubiri ishara kadhaa kabla ya kuiwasha mota, mwenye sumaku 5 hupiga pedali kwa muda kabla ya kusaidiwa. Anayeanza safari kwenye mwinuko au penye taa za barabarani ataiona tofauti hiyo siku ya kwanza. Kipo pia kihisi cha nguvu, kinachopima jinsi unavyoikanyaga pedali na kuleta msaada ulio laini zaidi, lakini ni ghali na huhitaji kontrola inayokielewa. Kwa seti ya kwanza sikipendekezi.

Kabla ya kununua, tazama ekseli yako. Diski nyingi zimetengenezwa kwa ekseli yenye ncha ya mraba, na hazitaingia kwenye ekseli nene ya milimita 24 iliyo kwenye baiskeli nyingi mpya. Kwa ekseli hiyo nunua diski inayofunguka vipande viwili, ambayo hufungwa bila hata kuchomoa kranki. Vihisi vingine ni vya upande wa kushoto na vingine vya kulia; wa kushoto ni rahisi zaidi kwa sababu hauna cheni wala gia za mbele.

Anza kazi kwa kuichomoa betri na kuiweka mbali. Sisi tuliokulia kwenye baiskeli za Phoenix tumezoea kranki inayoshikwa na kabari, ambayo fundi huigonga kwa nyundo mpaka itoke. Kranki za huku hazina kabari, na nyundo itaharibu beringi. Fungua bolti ya katikati (hufunguka kinyume cha saa pande zote mbili), kisha ingiza pula ya kranki (kifaa cha kuichomolea) kwa vidole mpaka meno yake ya skrubu yashike kikamilifu, ndipo uikaze kwa spana. Pula iliyoshika nusu hung'oa meno ya kranki, na hapo utanunua kranki nyingine.

Futa uchafu na grisi kwenye ekseli na pembeni mwake. Kipande cheusi hukaa kwenye fremu, na diski huingia kwenye ekseli ikikitazama. Pengo kati yao liwe milimita 2 hadi 3, na zungusha ekseli mzunguko mzima kuhakikisha kwamba diski haiyumbi, maana ikiyumba baadhi ya sumaku zitapita mbali mno na mota itakuwa inakatikakatika. Rudisha kranki na ukaze bolti kwa nguvu kati ya Nm 35 na 50 (Nm, nyutoni-mita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama una spana ya kupimia, huu ndio wakati wa kuitumia.

Diski ina upande wake, na hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Majira ya baridi yaliyopita nilimsaidia kijana wa Mwanza aliyekuwa ameshakata tamaa na baiskeli yake kwenye korido ya nyumba ya kupanga. Tuliinua gurudumu la nyuma, tukawasha, naye akazungusha pedali polepole kwa mkono. Taa ndogo nyekundu kwenye kihisi ilimetameta kila sumaku ilipopita, lakini mota ilikuwa kimya. Nikamwambia azungushe kinyumenyume, na gurudumu likaanza kuzunguka. Waya na kontrola vilikuwa vizima. Diski ilikuwa imegeuzwa. Kwa hiyo tafuta mshale au maandishi kwenye diski kabla ya kuifunga, na uufuate uelekeo wa pedali.

Waya ni tatu: mwekundu wa volti 5, mweusi wa hasi, na wa tatu wa ishara. Plagi zikiingiliana, usidhani kwamba waya zimefuatana. Seti zilizonunuliwa sehemu mbili tofauti mara nyingi hutofautiana mpangilio, na kihisi kilichopewa umeme kinyume huungua. Rudisha betri, weka multimita (kipima umeme) kwenye volti 20 za umeme mnyoofu (DC), na upime plagi ya kontrola kabla ya kuunganisha. Ukishaunganisha, zungusha pedali huku ukipima waya wa ishara: namba iruke kati ya karibu 0 na karibu 5. Isiporuka, sogeza kihisi karibu zaidi.

Kwenye skrini weka idadi ya sumaku, kikomo cha kilomita 25 kwa saa, na kiwango cha chini cha msaada kwa majaribio. Kisha chomoa eksileta, au hakikisha kwamba haizidi mwendo wa kuisukuma kwa mkono, yaani kilomita 6 kwa saa.

Jambo la mwisho nalisisitiza kwa sababu linahusu mwili wako. Ukiacha kupiga pedali, mota haizimi papo hapo, kwa maana kontrola lazima ingoje kidogo ndipo iamini kwamba ishara zimekoma. Kwa hiyo funga mikono ya breki yenye swichi ya kukata mota, na uijaribu gurudumu likiwa juu: zungusha pedali, bonyeza breki kidogo tu, mota izime hapo hapo. Fanya hivyo kwa kila mkono kabla ya kuingia barabarani, na baada ya wiki moja ya kuendesha rudi ukaze tena bolti za kranki, kwa kuwa hulegea kidogo zinapokaa sawa.