Somo: Kufungua katheta ya dialisisi bila kuingiza bakteria kwenye damu

Katheta ya shingoni ni mpira wenye midomo miwili, unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa ili damu isafishwe kwa mashine (dialisisi). Ncha yake hukaa karibu kabisa na moyo au ndani yake, kwa hiyo bakteria akipita mdomoni mwa mpira ameshafika kwenye damu.

1. Muuguzi na mgonjwa wavae barakoa. Feni izimwe.

2. Nawa mikono, vaa glovu safi, kagua kama klipu zote mbili zinazobana mpira zimefungwa. Ukifungua kifuniko klipu ikiwa wazi, hewa huvutwa ndani.

3. Fungua kifuniko kimoja. Kwa kitambaa chenye klorohekisidini na spiriti, au spiriti ya asilimia 70, sugua mdomo kwa sekunde 10 hadi 15. Kaza mkono kwenye hesi, kifuniko kinapojifungia. Damu iliyogandia pale ndiyo chakula cha bakteria. Mdomo wa pili, kitambaa kipya.

4. Acha pakauke penyewe. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, hasa foleni ikiwa ndefu. Usipulize, usipepee, wala usiulaze mdomo juu ya shuka.

5. Unga sirinji tasa, vuta heparini ya zamani (dawa ya kuzuia damu kuganda iliyoachwa ndani ya mpira) na uitupe. Usiirudishe: inaweza kuwa na mabonge ya damu.

6. Ukimaliza dialisisi, suuza kila upande kwa saline (maji tasa ya chumvi) mililita 10, kisha jaza heparini kwa ujazo ulioandikwa kwenye mpira wenyewe. Ukizidisha, inamwagikia kwenye damu. Ukipunguza, ncha inaganda. Funga kwa vifuniko vipya.

MASWALI

Daktari, mzee wangu hutetemeka na kupata homa nusu saa baada ya kuunganishwa na mashine, ila kidonda cha katheta hakina usaha. Ni malaria?
Pima malaria, sawa, lakini usiishie hapo. Wadudu wanaweza kuwa ndani ya mpira, nje pakawa pasafi. Damu ya kuotesha bakteria maabara itolewe kabla ya antibayotiki, mara mbili, kila mara chupa mbili. Akiota bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, kwa kawaida katheta hutolewa.

Naweza kuoga?
Oga kuanzia kiunoni kushuka chini, juu jifute kwa kitambaa. Bandeji ikilowa, ibadilishwe siku hiyohiyo.

Wodini walitumia katheta yangu kuwekea dripu. Ni sawa?
Hapana, labda kama ni dharura na mshipa mwingine haupatikani. Na ulizia mapema fistula (mshipa wa mkono unaounganishwa kwa upasuaji ili utumike kwa dialisisi badala ya katheta), kwa sababu huchukua wiki kadhaa kukomaa.