Jinsi ya kuchanga chakula cha watoto kwenye ploti yenu

Naishi katika jengo la ghorofa huko Embakasi, Nairobi, na huu ni mwaka wa tatu wapangaji tunachangia watoto wa mtaa wetu chakula. Hivi ndivyo tunavyofanya.

1. Anza na kalenda ya shule. Watoto wengi wa shule za umma hapa Nairobi hula mchana kupitia Dishi na County, mpango ulioanza 2023, ambapo mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, sahani hiyo hukosekana. Changeni wiki moja kabla ya kufunga. Msingoje Krismasi.

2. Mwone keyateka, yaani msimamizi wa jengo, kisha kila ghorofa itoe mtu mmoja wa kupita mlango kwa mlango.

3. Semeni mnataka nini. Msiposema, mtapata unga na chumvi tupu. Sisi hugawana: ghorofa ya kwanza unga, ya pili ndengu na kamande, ya tatu mafuta, ya nne omena.

Maharagwe yana mambo yake. Mwaka wa kwanza tuligawa makavu. Mama mmoja akanirudishia pakiti yake, akasema kwa upole, "Dada, haya yatamaliza mkebe mzima wa makaa, na haya makaa ni ya chai na ugali." Niliumia, kwa sababu sikuwa nimefikiria moto. Siku hizi wenye gesi huyaloweka usiku, huyachemsha asubuhi, na jioni ileile yanafika yakiwa yameiva, yanangoja kitunguu tu. Yasilale, yatachacha.

4. Kagua kila kitu. Njugu au unga wenye ukungu tupa, maana sumukuvu haiishi kwa kupikwa. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msipokee. Mtoto wa chini ya miezi sita ni wa kunyonya, kwa hivyo mpeni mama yake chakula ashibe.

5. Muulize mhudumu wa afya ya jamii chakula kiende wapi. Yeye ndiye huingia nyumba hizo, na ana utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, utepe unaonyesha nyekundu. Huyo anahitaji hospitali siku hiyohiyo, kapu lenu haliwezi kumtibu. Changeni nauli, mama asikwame njiani.

6. Pelekeni jioni, watu wawili tu, kwenye kiondo cha kawaida kama mtu anayetoka sokoni. Msipige picha. Mtoto huyo kesho atacheza na wenu, na hapaswi kuitwa yule wa kusaidiwa.

7. Kesho yake bandikeni karatasi mlangoni kwa keyateka: kilo zilizoingia, kilo zilizotoka. Namba za nyumba zilizopokea zisiandikwe.