Mbanguaji wako ni mwajiriwa: kupanga karatasi za karakana ya korosho Mtwara

Natunza hesabu za karakana ndogo za kubangua korosho hapa Mtwara mjini na mbili Masasi. Anayenijia mara ya kwanza huuliza leseni. Leseni ndiyo nyepesi. Jasho linakutoka kwenye karatasi za watu wanaobangua.

Hatua ya 1: Jina, TIN, leseni
Kama hufanyi biashara kwa jina lako mwenyewe, sajili jina BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mtandaoni. Shika namba yako ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. TIN, namba ya mlipakodi, iombe TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku 15 tangu uanze biashara. Ni bure, anayekudai hela ya TIN mkimbie. Leseni hutoka kwenye halmashauri yako: wa Mikindani aende manispaa, wa Nanyamba ana halmashauri yake ya mji. Inadumu mwaka mmoja tangu siku iliyotolewa, kwa hiyo andika tarehe ukutani. Korosho ni chakula, basi jengo na bidhaa vipitie TBS, shirika la viwango. Na mzigo wa kangomba, korosho zilizonunuliwa kinyemela nje ya mfumo rasmi, usiuguse.

Hatua ya 2: Jiulize, huyu ni kibarua au mwajiriwa?
Hapa ndipo wengi tunaanguka, na mimi nilianguka. Mteja wangu mmoja alikuwa na kina mama wanane, analipa kwa kilo, hakuna karatasi. Nikamwambia hao ni vibarua tu. Mmoja alipoachishwa akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na sisi hatukuwa na cha kuonyesha.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haijali unalipa kwa kilo au kwa mwezi. Inaangalia mambo haya: unampangia saa? Unamwelekeza namna ya kufanya kazi? Mashine ya kubangulia ni yako? Amekufanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Jibu la ndiyo likipatikana hata kwenye moja, anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vinginevyo.

Hatua ya 3: Andika mkataba kabla ya gunia la kwanza
Ukurasa mmoja unatosha: jina, umri, anwani, jinsia, alikoajiriwa, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa, malipo na yanavyokokotolewa. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ziada hulipwa mara moja na nusu. Asiyejua kusoma msomee na umweleze mpaka aelewe, sheria inakutaka hivyo. Anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi huhitaji kumwandikia. Mkataba usipoonekana kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha ni wako mwajiri.

Hatua ya 4: Tarehe za mwezi
Kodi ya mishahara ifike TRA kabla tarehe 7 ya mwezi unaofuata haijapita. Mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi hiyo. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na usimkate mfanyakazi zaidi ya 10. Mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni wako peke yako, usimkate hata senti. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, kila mbanguaji anajua, na ile kujipaka majivu mikononi si kinga. Nunua glovu, sajili karakana OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Hatua ya 5: Akiondoka
Anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28. Kwa siku au wiki, 4. Ndani ya mwezi wa kwanza, 7. Kuna sababu halali ya kumwachisha? Iandike. Ana siku 30 za kupeleka shauri la kuachishwa CMA. Mpe cheti cha utumishi.

Jalada lake litunze miaka 5 baada ya kuondoka. Si kwenye boksi la karatasi chini ya meza, mchwa wa huku hawangoji. Nunua sanduku la bati, uliinue juu ya matofali.