SOMO: Kuchachusha mashudu kwa ukungu ili kuku wapate fosforasi

Wakuu, swali hili nimelijibu inbox mpaka nimechoka. Ukiniuliza tena nakutumia uzi huu.

Mashudu ya alizeti na pumba vina fosforasi tele, ila nyingi imefungwa kwenye faiteti (umbo ambalo mbegu huhifadhia fosforasi yake). Kuku hana kimeng'enya cha kutosha kuifungua, inaishia kwenye mavi. Ukungu wa tempe, yaani soya iliyochachushwa (Rhizopus), unacho, kinaitwa faitesi.

1. Lowesha mchanganyiko. Ukifumbata ushikane, usichuruzike.

2. Pika kwa mvuke saa nzima, poza mpaka uvuguvugu.

3. Siki kidogo, kisha mbegu ya ukungu.

4. Mifuko yenye vitobo, unene wa vidole viwili. Ukijaza zaidi unajipika wenyewe katikati.

5. DCP (unga wa madini wa dukani wenye kalsiamu na fosforasi), unga wa mifupa na chokaa ni BAADAYE, ukishaanika (namba 7). Hapa ndipo nilipoumia. Nilipunguza DCP nusu nikitegemea kimeng'enya, halafu kwa uvivu nikaitia hiyo nusu mwanzoni kabisa pamoja na chokaa. Ukungu ukaota mweupe kama pamba, nikaita na majirani waje kuona. Baada ya wiki tatu vifaranga wanakaa kwa magoti, miguu imelegea kwa kukosa fosforasi. Kumbe ukungu hutengeneza faitesi ukiwa na njaa ya fosforasi. Ukiikuta imemwagwa mezani, wa nini ujisumbue? Na hata kile kidogo kinachotoka, fosfeti hiyohiyo (fosforasi iliyo huru, kama ya DCP) inakizuia. Chokaa nayo inaua uchachu na kuikaza faiteti. Mweupe wa ukungu haukuambii chochote kuhusu kimeng'enya.

6. Saa 36 hadi 48, nyuzi 30–32. Juni na Julai usiku wa Dodoma unauma, funika magunia.

7. Nyunyizia maji ya moto kiasi (nyuzi 50 hivi), acha saa chache, kisha anika. Usichemshe, kimeng'enya kitakufa.

8. Ukiona kijani au njano, fukia.

MASWALI

Mzee wa Kizota: Mkuu, ukungu wa ugali uliolala haufai?
— Haufai. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara 2016. Soma namba 8.

Broila Ipagala: Nimeweka DCP mwanzoni kidogo tu, kuna shida?
— Namba 5 umeiruka?

Binti Chemba: Ng'ombe mbona hawahitaji hii? Na kimeng'enya cha dukani kinatoka wapi?
— Swali zuri dada. Tumboni mwa ng'ombe wamo vijidudu wenye faitesi yao. Cha dukani kilianza na ukungu mwingine, Aspergillus niger. Chake kina vilele viwili vya kazi, pH (kipimo cha uchachu) 2.5 na 5.5, kwa hiyo hakikati tamaa kikifika kwenye tindikali ya tumbo. Kwenye mfuko soma FTU, kipimo cha nguvu ya faitesi: moja ni kimeng'enya kinachofungua maikromoli 1 ya fosfeti kwa dakika, pH 5.5, nyuzi 37.

Mama Togwa: Basi ndiyo maana kimea cha uwele kinaongezwa kwenye uji wa mtoto?
— Kinalainisha uji, na nafaka ikichipua faitesi yake inaamka, madini ya chuma yanafunguka. Mahindi makavu yanayo kidogo sana.

Mama Togwa: Mimi nakitia uji ukiwa unatokota.
— Hapo umekiua mama. Ipua kwanza, ungoje uwe wa kunyweka.