Gari likilia "tik tik tik", anza na tamino za betri

Jumapili gari langu kuukuu liligoma Kigamboni, nikawa nishaanza kuhesabu hela ya betri mpya. Kumbe tamino (vile vichwa viwili vya betri vinapofungwa waya) zilikuwa na ule unga mweupe-kijani, na ukiushika waya unachezacheza. Fanya hivi: zima gari, chukua spana namba 10 (Toyota nyingi ndiyo hiyo), fungua hasi kwanza, kisha chanya. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utaona cheche zake. Koroga kijiko cha magadi kwenye maji ya moto, mwagia kidogo kidogo. Yatatoa povu, maana magadi yanaua asidi. Suuza, kausha, piga msasa mpaka risasi ya tamino ing'ae, ndani ya kishikizo cha waya pia, hapo ndipo wengi wanaposahau. Funga chanya kwanza, hasi mwisho, kaza mpaka isizunguke kwa mkono. Grisi paka juu baada ya kukaza, hasa ukikaa karibu na bahari.

Stata (mota inayowasha injini) inavuta umeme mwingi sana kuliko redio au taa, ndiyo maana redio inaimba vizuri na gari haliwaki: uchafu unapitisha kidogo tu.

Kusafisha hakutasaidia kama betri yenyewe imekufa. Pima ikiwa imetulia, gari limezimwa muda: volti 12.6 imejaa, chini ya 12 ni ya kuchajiwa. Na kama taa zinabaki kali huku unasikia "tak" moja tu, mtafute fundi umeme aangalie stata.